Masundosundo yanayorudi: jinsi ya kuyatibu hadi yatulie, na la kumwambia mwenzako

"Dokta, yamerudi. Kwa hiyo huyu baba bado anatoka nje."

Mama aliyeniambia hivyo alikuwa amemaliza matibabu wiki saba kabla. Ngozi ilikuwa imekuwa laini, akarudi kwa mumewe kwa amani. Kisha siku moja bafuni kidole chake kikagusa kinyama kingine, karibu kabisa na pale pa zamani. Usiku ule hakulala. Asubuhi alipofika kwangu alikuwa ameshasikiliza kesi, ametoa hukumu, na begi lilikuwa limefungwa.

Nimefanya kazi kwenye kliniki ya magonjwa ya ngozi na zinaa kwa miaka mingi. Masundosundo mara chache huharibu mwili wa mtu, lakini nimeyaona yakitikisa ndoa nyingi, na karibu kila mara chanzo kilikuwa hesabu ya tarehe iliyopigwa vibaya. Kwa hiyo nitaanza na hesabu hiyo, kisha tuingie kwenye dawa.

Kwanza, jua kinachorudi ni nini

Masundosundo, ambayo wengine huyaita vinyama vya sehemu za siri, husababishwa na kirusi kiitwacho HPV. Aina za kirusi hiki zinapita 200. Mbili tu, namba 6 na namba 11, ndizo zinazoleta takriban 90% ya masundosundo yote. Kirusi hiki hakisafiri kwenye damu kama VVU. Kinakaa kwenye ngozi, katika tabaka la chini linalozalisha seli mpya, na huingia kupitia michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, ngozi inapokutana na ngozi wakati wa kujamiiana.

Aliyewahi kulima shamba lenye ndago atanielewa haraka. Unapalilia, majani yote chini, shamba linang'aa. Mvua moja tu, ndago inachipua tena hatua moja kutoka ile ya mwanzo. Hakuna jirani aliyekuja usiku kuipanda, vile vinundu vyake vilikuwa chini ya udongo siku zote. Dawa za masundosundo nazo hukata kinachoonekana. Kirusi kilicholala kwenye ngozi ya pembeni, ngozi inayoonekana safi kabisa, hakiguswi. Kinachokituliza ni kinga ya mwili wako, nayo huchukua muda wake.

Masundosundo mengi yanayorudi hurudi ndani ya miezi 3 ya mwanzo baada ya matibabu. Yule mama wa wiki saba alikuwa katikati kabisa ya kipindi hicho. Kwa upande mwingine, maambukizi mengi ya HPV, karibu 9 katika kila 10, hudhibitiwa na mwili ndani ya miaka 2 hivi kiasi kwamba hata vipimo havikioni tena kirusi. Katikati ya nyakati hizo mbili ndipo watu wanapokata tamaa, wanabadilisha dawa kila wiki, wanachoma ngozi yao, wanagombana.

Hesabu ya pili ni ya tangu kuambukizwa hadi kuota. Kwa kawaida huchukua wiki kadhaa hadi miezi michache, lakini kirusi kinaweza kulala zaidi ya mwaka, na wapo ambao kwao kimelala miaka. Maana yake kinyama kilichoota mwezi huu hakisemi lolote kuhusu mwezi huu.

Pili, hakikisha kweli ni masundosundo

Usipake chochote kabla mhudumu wa afya hajakuangalia kwa macho yake. Nimepokea watu waliojichoma ngozi ya kawaida kabisa waliyozaliwa nayo. Wanaume wengi wana vipele vidogo vilivyojipanga mstari kuzunguka shingo ya kichwa cha uume, vyote saizi moja, kama shanga. Hivyo si ugonjwa. Wanawake wengi wana vinyuzi laini ndani ya mashavu madogo ya uke, vinavyofanana kushoto na kulia. Navyo si ugonjwa. Vidoti vidogo vyeupe au vya manjano chini ya ngozi ni tezi za mafuta tu.

Masundosundo yenyewe huwa na uso wa kukwaruza kama ua la koliflawa, au huwa bapa, au husimama kama kikonyo. Rangi yake huweza kuwa ya ngozi yako, ya waridi au nyeusi zaidi. Hayafuati mstari wala hayalingani ukubwa.

Kuna moja linalofanana nayo ambalo halifai kukosewa: vinyama bapa, vipana, vyenye majimaji, vya rangi ya kijivu au nyeupe, ambavyo ni kaswende katika hatua yake ya pili. Hayo hayachomwi. Yanatibiwa kwa sindano ya benzathini penisilini, na yakikosewa kwa kupakwa dawa ya masundosundo, kaswende inaendelea kutafuna mwili kimyakimya. Ndiyo maana kila anayekuja na vinyama apimwe kaswende, na kwa siku hiyo hiyo apimwe VVU. Ukikuta kituo hawajapima, omba wewe. Ni haki yako.

Vipele vya mviringo vyenye kishimo katikati kama kitovu ni ugonjwa mwingine wa virusi, nao una matibabu yake.

Kabla hujaenda, usinyoe. Wembe ukipita juu ya kinyama huchana ngozi na kukipeleka kirusi kwenye kila mkwaruzo ulioacha nyuma. Nimeona mstari mzima wa masundosundo umefuata njia ya wembe. Tangu siku utakapogundua hadi miezi kadhaa baada ya kupona, punguza nywele kwa mkasi. Hata kwa anayetaka kutimiza usafi wa dini yake, mkasi unatosha.

Tatu, weka kumbukumbu

Kwa anayeugua mara ya kwanza, hatua hii unaweza kuipita. Kwa ambaye yamerudi mara mbili au tatu, ndiyo inayonisaidia mimi kukusaidia wewe. Chukua daftari dogo au simu, andika tarehe, mahali yalipoota, idadi, dawa gani ilitumika, mara ngapi, na nini kilitokea. Wagonjwa wengi huniambia "nimeshajaribu kila dawa". Tukikaa na kuhesabu, tunakuta alipakwa podofilini mara mbili, akaona nafuu, akaacha, yakakua, akaenda kituo kingine wakaanza upya. Dawa haikushindwa. Haikupewa nafasi.

Dozi ikikamilika na idadi haijapungua kwa maana, hapo ndipo tunabadilisha njia. Wengi wanaotibiwa sawasawa huona mabadiliko ndani ya miezi 3.

Nne, matibabu

Hakuna dawa moja iliyo bora kwa kila mtu. Huchaguliwa kwa kuangalia wingi, ukubwa, mahali, kama una mimba, na kinachopatikana ulipo.

Zipo unazoweza kutumia mwenyewe nyumbani, kwa maelekezo. Podofilotoksini ya 0.5% hupakwa mara 2 kwa siku kwa siku 3 mfululizo, kisha unapumzika siku 4. Huo ni mzunguko mmoja, na unaweza kurudia hadi mizunguko 4. Eneo lote unalopaka lisizidi takriban sentimita 3 kwa 3. Imikwimodi ya 5% ni krimu inayoiamsha kinga ya ngozi. Hupakwa usiku mara 3 kwa wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ikakaa kwa muda wa saa 6 hadi 10 kisha ikaoshwa kwa maji na sabuni asubuhi. Huendelea hadi wiki 16. Inachosha, najua. Wekundu na mwasho kidogo ni dalili kwamba inafanya kazi, lakini ngozi ikifunguka vidonda, simama siku chache kisha umwone aliyekuandikia.

Zipo zinazopakwa na mhudumu peke yake. Podofilini ya kawaida, ile ya rangi ya kahawia, ni ya zamani na bado inatumika sana kwenye hospitali zetu. Ngozi ya pembeni hupakwa vaselini kwanza ili isiungue, dawa inapakwa kidogo juu ya kinyama, unasubiri ikauke kabla ya kuvaa, na unaiosha baada ya muda wa saa 1 hadi 4. Ukiambiwa urudi baada ya wiki, rudi baada ya wiki. Usikubali kuuziwa chupa yake ukajipake nyumbani, kwa sababu ikiwekwa nyingi au juu ya kidonda hupenya mwilini na ina sumu inayodhuru mishipa ya fahamu.

Asidi ya trikloroasetiki, inayojulikana kwa kifupi TCA, ya 80% hadi 90%, huchoma kinyama hadi kinageuka cheupe. Inauma kwa dakika chache. Ikimwagika pembeni mhudumu huizima kwa sabuni ya maji au magadi ya kuokea. Hurudiwa kila wiki, na faida yake kubwa ni kwamba mjamzito anaweza kuitumia.

Kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika hufanyika kila baada ya wiki 1 au 2, kwenye hospitali zenye mtungi wake. Malengelenge yakitokea kesho yake ni kawaida, usiyapasue.

Kuchoma kwa umeme au kukata kwa kisu, kwa ganzi, kunafaa pale masundosundo yanapokuwa makubwa, mengi, au yameshindikana kwa dawa. Siku hiyo hiyo unatoka bila kinyama. Watu huipenda kwa sababu hiyo, na ndio hao hao wanaovunjika moyo zaidi yakirudi, maana waliamini kisu kimemaliza. Kisu nacho kinapalilia tu.

Yaliyoko ndani ya tundu la mkojo, ndani kabisa ya uke, kwenye mlango wa kizazi au ndani ya njia ya haja kubwa hayatibiwi na kila mtu. Omba rufaa. Kwa Tanzania, hospitali za rufaa za mikoa, Muhimbili, na KCMC pale Moshi, ambapo tangu 1992 kuna kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi, ni mahali pa kuuliza. Wahitimu wa kituo kile wamesambaa wilayani, kwa hiyo uliza kwanza hospitali ya wilaya yako kama yupo mtaalamu wa ngozi kabla ya kupanda basi.

Baada ya matibabu yoyote, kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo kwa dakika 10 hadi 15, mara moja au mbili kwa siku. Kausha kwa kupapasa, usisugue. Chupi iwe ya pamba, isibane. Dawa ya kawaida ya maumivu inatosha.

Yale usiyopaswa kufanya

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Asidi ya betri inaunguza hadi nyama ya ndani, na kovu lake kwenye uume au mashavu ya uke ni la maisha. Utomvu wa mnyaa, ule mmea wa ua unaotoa maziwa, unababua ngozi na ukigusa jicho unaweza kupofusha. Kufunga kinyama kwa uzi hadi kikatike kunaleta usaha na damu. Dawa ya sugu na chunjua za mikono na miguu inayouzwa duka la dawa haikutengenezwa kwa ngozi ya sirini, na karatasi yake yenyewe inakataza.

Kisha wapo wanaotangaza kwenye simu "tunatoa kirusi cha HPV mwilini kwa siku 21", wakikutaka utume pesa kwanza. Hakuna dawa, ya hospitali wala ya asili, inayokitoa kirusi hiki mwilini. Anayekuuzia anajua kwamba kwa watu wengi kinga itakituliza yenyewe baadaye, naye atachukua sifa. Nimemwona kijana aliyeuza pikipiki yake ya kazi kulipia dozi tatu za aina hiyo. Pesa ile ingemtibu kwa kuchomwa kwa umeme na nauli ikabaki.

Tano, ipe kinga ya mwili nafasi yake

Yanaporudi mara kwa mara, yakiwa mengi au makubwa kupita kawaida, swali langu la kwanza ni VVU. Mwenye VVU asiyetumia dawa hupata masundosundo makubwa zaidi, huchelewa kupona na hurudiwa zaidi. Akianza ARV na kuzimeza bila kuruka, hali huanza kubadilika, ingawa polepole. Kama upo CTC, yaani kliniki ya wanaotumia dawa za VVU, tayari, waambie kuhusu masundosundo siku ya kliniki. Usiyafiche kwa kuona haya, wameyaona mengi. Kama hujui hali yako, pima leo.

Sukari isiyodhibitiwa nayo hudhoofisha kinga, na vivyo hivyo dawa za kupunguza kinga wanazopewa wenye magonjwa mengine. Sigara imehusishwa na kupona kwa shida, kwa hiyo ukitafuta sababu ya kuacha, hii hapa. Chakula na usingizi vizuri, lakini usitegemee vidonge vya virutubisho vya bei mbaya.

Sita, mwenzako

Mambo matatu kuhusu kuambukizana yanaeleweka vibaya, na nitayasema moja moja.

La kwanza ni nani kamletea nani. Hakuna kipimo kinachoweza kulijibu. Kirusi hulala, kisha huamka kwa ratiba yake. Mtu anaweza kuwa nacho tangu kabla ya ndoa bila kujua, mwenzake akaota vinyama yeye akabaki safi. Hata masundosundo kuzunguka njia ya haja kubwa hayathibitishi kwamba mtu ameingiliwa huko, kwani kirusi husambaa kwenye ngozi ya jirani. Sisemi mwenzako ni mwaminifu. Ninachosema ni kwamba masundosundo hayajui. Kama una mashaka na ndoa yako, yazungumze kwa ushahidi mwingine, huu uweke pembeni.

La pili, watu huamini kwamba yanarudi kwa sababu mwenzao anawarudishia. Kwa kawaida sivyo. Yanayorudi baada ya matibabu hutokana zaidi na kirusi kilichokuwa tayari kwenye ngozi yako mwenyewe. Mnapokuwa pamoja kwa muda, kuna uwezekano mkubwa kwamba aina hiyo mmeshashirikiana kabla hata kinyama cha kwanza hakijaota. Kwa hiyo mwenzako asiye na vinyama hahitaji dawa, na wala hahitaji kipimo cha HPV. Hakuna kipimo cha HPV kinachopendekezwa kwa mwanaume kwa ajili hii, wala cha damu. Anachohitaji ni kuangaliwa ngozi na mhudumu, kupimwa kaswende na VVU, na kama ni mwanamke aliyefikia umri, kuchunguzwa mlango wa kizazi. Katika nyumba yenye wake zaidi ya mmoja, kila mke aangaliwe, na asiachwe mmoja kwa kuwa "yeye hana kitu".

La tatu ni tendo lenyewe. Vinyama vikiwepo, au kidonda cha matibabu hakijafunga, pumzikeni. Hiki ndicho kipindi cha kuambukiza kwa urahisi zaidi, na msuguano huchana ngozi. Vikiisha, tumieni kondomu, hasa kwa miezi ya mwanzo ambayo ndiyo ya kurudi. Kondomu hupunguza hatari bila kuiondoa yote, kwa sababu korodani, mapaja na mashavu ya nje hubaki wazi. Anayetumia krimu ya imikwimodi ajue kwamba mafuta yake hudhoofisha mpira wa kondomu, kwa hiyo siku dawa ikiwa kwenye ngozi, hakuna tendo. Mafuta ya nazi na vaselini nayo huharibu kondomu. Kilainishi kiwe cha maji.

Wenza waliokaa pamoja miaka huniuliza, "Tutavaa kondomu hadi lini?" Vinyama vikishaisha na miezi ya kurudi imepita, hatari inaendelea kupungua kadiri muda unavyokwenda, lakini hakuna kipimo cha kukupa cheti kwamba kirusi kimeondoka. Wawili walio waaminifu, walioelezwa haya wote, wanaweza kuamua pamoja kuiacha. Uamuzi huo ni wao, si wa daktari. Anayeanza uhusiano mpya, namshauri aseme kabla, akiwa amevaa nguo zake zote.

Jinsi ya kulisema

Usiseme kitandani, wala mkiwa mmegombana, wala kwa ujumbe wa simu. Chagua wakati watoto wamelala au mko safarini wawili. Anza na wewe mwenyewe, si na yeye. Kwa mume, maneno yanaweza kuwa hivi:

"Baba Neema, nina jambo la afya nataka unisikilize hadi mwisho. Nimeota vinyama sehemu za siri, nikaenda hospitali. Wamesema ni kirusi kinachokaa kwenye ngozi, kinaweza kulala muda mrefu mtu asijue. Hawawezi kusema kimetoka kwa nani wala lini. Nimeanza dawa. Wameomba na wewe ukaangaliwe, na tupime pamoja."

Kwa mke, "Mama Juma, sijaja kukulaumu na sitaki unilaumu kabla hatujamsikia daktari. Twende wote Jumanne."

Akiuliza, "Umeyatoa wapi?", jibu ni lile lile, bila kupandisha sauti: haijulikani, na haiwezi kujulikana. Akitaka kusikia kwa mtaalamu, mlete. Mara nyingi dakika kumi za mazungumzo ya watu watatu kliniki zimefanya kazi ambayo wazee wa pande mbili walishindwa kwa wiki nzima. Yule mama wa begi alimleta mumewe siku ya tatu. Mzee wa watu alikaa ukingoni mwa kiti akidhani anakuja kusomewa mashtaka. Tulipomaliza, aliniuliza swali moja tu, kama mkewe atapona.

Lakini najua si kila nyumba ina usalama huo. Kama kusema kunaweza kukuletea kipigo, usiseme ukiwa peke yako naye. Mwombe mhudumu awaite wote kwa kisingizio cha vipimo vya kawaida vya wenza, naye aeleze. Ukishatishwa au kupigwa, vituo vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto, na hospitali inaweza kukuelekeza namna ya kufika.

Mimba

Vinyama vikiota au kukua haraka wakati wa mimba, usiogope. Mabadiliko ya mwili huwa yanavichochea, na baada ya kujifungua mara nyingi hupungua. Podofilini, podofilotoksini na imikwimodi hazitumiki. TCA, kugandisha, au kuondoa kwa upasuaji mdogo vinawezekana. Kupasuliwa ili kujifungua hakuhitajiki kwa sababu ya masundosundo peke yake, isipokuwa kama yamekuwa makubwa hadi yanaziba njia au yanaweza kuvuja damu nyingi. Ni nadra sana mtoto kupata vinyama vya kooni, na akilia kwa sauti ya mkwaruzo inayodumu, mpeleke akaangaliwe.

Saratani, na chanjo

Hofu kubwa ya wanawake ni hii, na wengi hawaisemi hadi wafike mlangoni wakitoka. Aina 6 na 11 zinazoota masundosundo si zile zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi. Takriban 70% ya saratani hiyo hutokana na aina 16 na 18, ambazo haziotishi vinyama vya kuonekana. Kuwa na masundosundo hakukulazimu upimwe mlango wa kizazi mara nyingi kuliko wanawake wengine. Ila upimwe kama wengine, kuanzia miaka 30, na 25 kwa mwenye VVU, kwa sababu anayebeba aina moja anaweza kubeba na nyingine. Kipimo cha siki, yaani kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi ili uangaliwe, huchukua dakika chache na vituo vingi vya serikali wanacho.

Chanjo ya HPV haitibu masundosundo uliyonayo tayari. Inakinga aina ambazo mwili haujakutana nazo. Zingatia pia kwamba chanjo hazifanani: zenye aina 6 na 11 ndani yake huzuia masundosundo, zenye 16 na 18 peke yake huzuia saratani bila kuzuia vinyama. Australia ilianza na chanjo yenye aina nne mwaka 2007. Katika kliniki zake, masundosundo kwa wanawake wa chini ya miaka 21 yalishuka kutoka 11.5% mwaka huo hadi chini ya 1% mwaka 2011. Rwanda ilianza kuchanja wasichana nchi nzima 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Kama una binti shuleni na siku ya chanjo imetangazwa, usimfiche nyumbani kwa maneno ya kwamba chanjo inazuia kuzaa. Haizuii. Ulizia tu ni ya aina gani ili ujue inamkinga na nini.

Lini urudi haraka

Usingoje tarehe ya kliniki kama kinyama kinavuja damu chenyewe, kimefanya kidonda kisichofunga, kimekuwa kigumu na kimeshikamana na nyama ya chini, kimebadilika kuwa cheusi usivyokizoea, au kinakua wiki kwa wiki huku dawa ikiendelea. Hapo kipande kidogo kikatwe kipelekwe maabara, hasa kama una VVU au umepita miaka 40. Rudi pia ukishindwa kukojoa, ukipata homa, au usaha ukitoka kwenye kidonda cha matibabu.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, jiangalie kwa kioo mara moja kila wiki mbili kwa miezi 3, mchana kwenye mwanga wa kutosha, bila kukuna wala kuvuta ngozi. Ukiona kinyama kipya, ukubwa wa kichwa cha pini, njoo wiki hiyo hiyo. Kikiwa kidogo hivyo, mara nyingi kupakwa mara moja au mbili kunatosha.